Sasisho Linalotoroka Kazini

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, Mkurugenzi wa Idara ya Vyeti vya Kuzaliwa aliwakusanya watumishi wote ukumbini na kuutangazia umma, kwa kipaza sauti kisichokuwa na umeme, kwamba kuanzia siku hiyo kushindwa kwa sasisho la usalama kutahesabiwa kuwa utoro kazini.

Watumishi walipiga makofi. Sasisho lilikuwa limeshindwa mara kumi na nne, na hakuna mtumishi aliyewahi kutoroka mara nyingi kiasi hicho akabaki na kiti.

Fundi naye alipiga makofi, tena kwa moyo. Alikuwa binti mwenye miezi mitatu tu tangu atoke chuoni kuja kutunza kompyuta za Idara, na bado aliamini kwamba tangazo ni mwanzo wa jambo. Wenyeji walijua kuwa tangazo ndilo jambo lenyewe.

Shida ilikuwa rahisi kuieleza. Makao makuu yalikuwa yametuma sasisho la kuziba tundu ambalo wezi wa mtandaoni wangeweza kupenyea. Idara ambayo mashine yake kuu haijalipokea ilifungiwa njia, na ikishafungiwa njia haiwezi kuchapa cheti. Kila asubuhi sasisho lilishuka vizuri, likapanda mpaka asilimia tisini na tisa, likasimama hapo saa nzima kama mgeni aliyefika mlangoni akasikia ugomvi ndani, kisha likarudi lilikotoka. Kwenye skrini ya Fundi yakatokea maneno yale yale: Sasisho limeshindikana. Tafadhali wasiliana na fundi wako.

Fundi alikuwa ni yeye. Aliwasiliana naye kila siku, na kila siku alimkuta hana jibu.

Jibu lilitakiwa haraka. Pale dirisha la tatu alikuwa akija mama mmoja muuza mkaa, na hii ilikuwa safari yake ya tano. Binti yake alikuwa darasa la mwisho. Bila cheti hataandikishwa mtihani, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa tisa.

"Si atafanya mwakani, mama?" karani wa dirisha alimuuliza.

"Mwaka wa mtoto wa kike una miguu mirefu, baba. Ukiondoka naye humwoni tena."

Fundi, aliyekuwa amepiga magoti chini ya meza akikagua waya, aliinuka na kujigonga kichwa. "Ijumaa utakipata, mama."

"Unaniahidi au unanipoza?"

"Nakuahidi."

Mama alimtazama usoni. "Haya. Wewe una sura ya mtu ambaye bado hajazoea kudanganya."

Basi Fundi akalivalia njuga jambo hilo. Alipunguza mizigo kwenye diski. Alirekebisha saa ya mashine, iliyokuwa nyuma kwa miaka mitatu. Alibadilisha waya uliotafunwa na panya. Alifuta sasisho akalipakua upya. Tisini na tisa, kisha kimya, kisha wasiliana na fundi wako.

Likabaki jambo moja: kuiona mashine kuu kwa macho. Nayo haikuwa kwenye chumba cha mashine. Humo mlikuwa na kiyoyozi, mlango wa chuma, na maboksi ya kalenda za miaka iliyopita. Mashine kuu ilikuwa ofisini kwa Mkurugenzi, kwa maelekezo maalumu, kwa kuwa ndiyo mali ghali kuliko zote na si busara mali ghali ichanganyike na watu.

Mlango huo ulilindwa na katibu muhtasi, mama mtu mzima aliyeitwa Mama Muhuri kwa sababu muhuri wa Idara alilala nao.

"Naomba dakika tano tu na mashine," Fundi alisema.

"Mashine ina ratiba, mwanangu. Leo iko kikaoni."

"Basi nimwone Mkurugenzi."

"Yeye yuko. Ila humwoni yeye bila sababu, na sababu yako ni mashine, na mashine iko kikaoni. Jaza fomu, urudi baada ya wiki mbili."

Jumatano iliundwa Kamati ya Kuchunguza Mwenendo wa Sasisho. Mwenyekiti wake alikuwa Karani Mkuu, mzee mkavu aliyejulikana kwa jina la Kwa Mujibu. Katika miaka thelathini na moja hakuwahi kufanya jambo lisiloandikwa, wala kuacha kufanya jambo lililoandikwa. Kamati ilibaini upesi kuwa sasisho lilikuwa likiingia bila barua ya utambulisho. Likaandikiwa. Halikujibu. Likakumbushwa. Halikujibu. Kamati ikapendekeza kwamba sasisho likifika tisini na tisa, watumishi watembee pekupeku kwenye korido wasije wakalishtua, na pendekezo hilo likatekelezwa siku hiyo hiyo. Fundi alivua viatu kama wenzake. Alikuwa ameshajaribu mengine yote.

Alhamisi aliinua mkono kikaoni.

"Wazee wangu, mashine huandika kila inachofanyiwa. Nani kafanya, saa ngapi. Tukichapa kumbukumbu zake tutamjua anayelizuia."

Kwa Mujibu alivua miwani. "Yaani wiki tatu tuna shahidi ndani ya nyumba, na hatujamwita."

Ijumaa, saa nne kasoro robo, Kamati iliingia ofisini kwa Mkurugenzi, na Fundi kwa mara ya kwanza akakanyaga zulia la humo. Mashine kuu ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa, skrini tu ikiwa wazi. Mkurugenzi alikuwa akieleza umuhimu wa uwazi. Kwenye skrini kikajitokeza kisanduku kidogo: Ili kumaliza kusakinisha, kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Chini yake vitufe viwili. Sasa. Baadaye.

Mkurugenzi, bila kukatisha sentensi, kama mtu anayefukuza nzi, alibonyeza Baadaye.

Fundi alinyoosha kidole. "Mzee. Hicho kisanduku."

"Hicho huja kila siku, binti. Kinataka nizime mashine. Nakiambia baadaye. Ndivyo tunavyomhudumia yeyote anayekuja bila miadi."

Moyo wa huruma ni mzigo, na Fundi alikuwa nao. Alimsogelea. "Mzee, naomba hizi kumbukumbu tuzisome kwanza sisi wawili. Pembeni."

"Binti, haki hainong'oni. Wala haisubiri kusoma." Akainua karatasi. "Nimeshaandaa waraka, wasije wakasema tumependelea. Atakayetajwa na mashine, bila kujali cheo, atakabidhi ofisi papo hapo na kwenda kuhudumia wananchi dirisha la tatu kwa siku tisini."

Wajumbe waliguna kwa hofu. Walijua adhabu nyingi za utumishi, lakini hii ya kukutana na wananchi ilikuwa ya mwisho.

"Nakala?" aliuliza Kwa Mujibu.

"Imekwenda makao makuu na dereva tangu asubuhi."

Mama Muhuri akagonga muhuri. Printa ikakohoa. Kwa Mujibu akasimama na kusoma kwa sauti ya taarifa ya habari:

"Jumatatu, saa nne na dakika sita. Sasisho tayari. Ombi la kuwasha upya limekataliwa. Aliyekataa: Mkurugenzi. Jumanne, saa nne na dakika tisa. Sasisho tayari. Ombi limekataliwa. Aliyekataa: Mkurugenzi."

Alisoma kurasa zote nne, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia anyamaze.

"Ijumaa, saa nne kasoro dakika nane."

"Hiyo ni ya sasa hivi," Mama Muhuri alisaidia.

"Mashine hii inasema uongo," Mkurugenzi alisema.

"Inawezekana, mheshimiwa," alijibu Kwa Mujibu. "Ila waraka haukusema atakayekosa. Umesema atakayetajwa."

"Huo waraka nimeuandika mimi."

"Ndiyo maana una nguvu."

"Basi naufuta."

"Kuufuta kunahitaji Mkurugenzi," Kwa Mujibu alisema kwa upole, huku akinyoosha mkono kupokea funguo. "Na kwa mujibu wa muhuri, ofisi imekuwa wazi kwa dakika sita sasa."

Fundi alikaa kwenye kiti kikubwa cha Mkurugenzi, miguu ikaning'inia. Alisubiri kisanduku kirudi. Kiliporudi alibonyeza Sasa. Ilichukua dakika kumi na tisa.

Saa tano na nusu, muuza mkaa aliitwa dirisha la tatu. Nyuma ya kioo, kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi, alikuwa amekaa bwana mwenye suti nzuri. Fundi alimletea cheti kikiwa bado cha moto. Bwana yule alikigeuza huku na huku akitafuta kasoro.

"Hiki kinahitaji saini ya Mkurugenzi."

"Yuko wapi?" mama aliuliza.

Bwana yule aliitazama suti yake. "Hayupo."

"Anarudi lini?"

"Baada ya siku tisini."

"Mwanangu ana mpaka saa tisa, baba."

Kwa Mujibu, aliyesimama nyuma na kitabu cha kanuni, alifungua ukurasa. "Mkurugenzi asipokuwepo, karani wa dirisha atasaini kwa niaba yake."

Bwana yule akatoa kalamu, akasaini kwa niaba yake mwenyewe. Mama alikipokea cheti, akapuliza wino.

"Kumbe ni kazi ya sekunde tatu," alisema, bila ubaya wowote, akaondoka karibu mbio.

Alipopisha, foleni ikaonekana. Ilitoka dirishani, ikapita benchi, ikatoka mlangoni, ikakunja kona.

"Hawa wote wanangoja nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Wanakungoja wewe, mzee," Fundi alisema.

"Tangu lini?"

Fundi aliitazama foleni. Alitaka kumjibu kwa upole.

"Inategemea, mzee. Yule babu mwenye mkongojo anafuatilia cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa."