Hotuba ya Kuzindua Filamu ya Uani

Kabla sijafungua karatasi yangu, naomba iingie kwenye kumbukumbu za mkutano huu mtukufu kwamba Mgeni Rasmi, yaani mwanangu, mwenye meno manne na mamlaka yasiyo na mipaka, sasa hivi tu amevua kiatu chake cha kushoto, akakigeuzageuza kama mkaguzi aliyetoka makao makuu, akakitumbukiza kwenye beseni la nguo nilizokwisha kuzisuuza, kisha akajipigia makofi mwenyewe. (Makofi, ya Mgeni Rasmi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Baba wa Mgeni Rasmi, fundi bomba, ambaye ametingwa na bomba lililopasuka lakini yuko nasi kwa njia ya ovaroli lake lililotundikwa mlangoni, Waheshimiwa Viti, pamoja na yule mwenzetu wa miguu mitatu, ndugu zangu Sufuria wa ngazi zote, Bibi Pasi, Bwana Boksi la Pasi, ambaye leo ndiye mwenye shughuli, waandishi wa habari mlioko dirishani, yaani kuku wa mama mwenye nyumba, mabibi na mabwana: mimi, Waziri wa Filamu, Nepi na Mambo Mengineyo ya Chumba Hiki, nawasalimu, nawasalimu tena, na kwa mara ya tatu nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe. (Vigelegele. Sufuria mmoja anaanguka kwa furaha.)

Ndugu wajumbe, alasiri hii vijana wanakuja hapa uani kutazama filamu waliyoiigiza muhula mzima, nami kama kiongozi makini nimeona hotuba hii niijaribu kwanza mbele yenu, kwa kuwa ninyi hamna miguu ya kuondokea, na mwenye miguu, baada ya kile kiatu, nimeshamfunga mgongoni. (Mgeni Rasmi anavuta nywele za Waziri.)

Mtakumbuka kwamba shule zilipofunguliwa, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, msichana wa miaka kumi na minne mwenye miguu inayorefuka kuliko bajeti ya sketi, aliletwa kwangu aje asome huku. Shuleni wakampa jina, Kivuli, maana alikuwa akipita hata mlango haujui. Saa ya mapumziko alikuwa anakula peke yake nyuma ya tangi la maji, na jioni Wizara ilipomuuliza habari za shule, alikuwa anajibu "Nzuri, dada," ile nzuri ya mtu anayetaka usiulize tena. Haikupita muda, akakunja nguo zake zote, akazipanga kwenye begi lake la bluu, akalisukuma chini ya kitanda, akaniambia bila kuniangalia: "Dada, shule ikifungwa nirudishe kwa mama. Mpaka hapo sitakusumbua." (Kuku wanaacha kudonoa.)

Sasa Wizara sikivu ingefanya nini? Baada ya upembuzi yakinifu uliofanyika kwenye karo la kufulia, na baada ya kushirikisha wadau wote, yaani mimi na sabuni, tulibuni Mradi Jumuishi wa Filamu ya Vichekesho Shirikishi, nikasimama pale bombani vijana wanapochota maji, nikatangaza kwa sauti ya kiserikali kwamba inatengenezwa filamu ya kuchekesha, inahusu mwanafunzi mgeni asiyejua ajiunge na kundi gani, kamera imeshafika, mpiga picha yuko njiani, na anayetaka kuigiza aje na kiti chake. (Makofi mazito. Kiti cha miguu mitatu kinatikisika.)

Wakaja, ndugu zangu! Wakaja na viti, na ndoo za kukalia, mmoja akaja na bibi yake.

Naomba sasa niingie kwenye mafanikio, ambayo ni mengi, na kwa kuwa mimi si mtu wa kujisifu nitayasoma yote. Nafasi ya mgeni, ambaye ndiye staa, ilinyakuliwa na kijana wa chumba cha jirani anayeitwa Redio, jina alilopewa kwa sababu hazimiki, mtoto anayejulikana shule nzima mpaka na mlinzi. Mdogo wangu, aliyeletwa na Wizara kwa kusukumwa kiunoni, akabakiwa na nafasi ambayo hakuna aliyeitaka: mwalimu wa zamu. Akavaa koti la shemeji yake linalomfika magotini, akashika mwiko wangu, akamzunguka Redio polepole, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwa, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe. Hilo shati umelivaa, au limekuvaa?"

Uani kukalipuka. Bibi wa watu alicheka mpaka tukamletea maji. (Kicheko. Waziri mwenyewe anacheka, anapoteza mstari, anautafuta kwa kidole.)

Lakini impakti kubwa ya mradi, kwa lugha ya kitaalamu, ilitokea kwenye onyesho la nyuma ya tangi. Tulilifanya pipa la mama mwenye nyumba kuwa tangi la shule, Redio akatakiwa akae nyuma yake, ale mkate peke yake, asiongee, huku wenzake wakicheka upande wa pili. Jambo dogo tu. Akashindwa! Mara anachungulia, mara anajikuna, mara namsikia anapiga soga na mkate. Mwisho akatoka, uso umemshuka, akasema, "Dada, hii sehemu tuikate. Inauma." Halafu akamgeukia mdogo wangu. "Kumbe wewe ndivyo unavyokaa?"

"Ndiyo."

"Kila siku? Mbona hujasema?"

"Ningesema saa ngapi? Ulikuwa unaongea wewe."

(Kicheko kirefu. Mwenye kucheka zaidi alikuwa Redio.)

Kwa mujibu wa taarifa kutoka vyanzo vya kuaminika, yaani Redio huyohuyo, nyuma ya tangi la shule siku hizi kumejaa, watu wanagombania kivuli, na jina la Kivuli limefutwa rasmi, sasa anaitwa Mwalimu wa Zamu, na walimu wa zamu wenyewe wameanza kulalamika. (Makofi, vifijo, nderemo.)

Kitakwimu, ndugu wajumbe, utekelezaji umefikia asilimia tisini na saba: upande wa kicheko tumevuka lengo mara mbili, upande wa viti tumevuka lengo isipokuwa mguu mmoja, na upande wa kamera mchakato uko katika hatua za mwisho kabisa, kilichobaki ni kamera. Wapo wapinga maendeleo wanaouliza kamera gani inafunikwa kwa kitambaa na kukatazwa kuguswa muhula mzima. Nawajibu hivi: kamera yetu haitumii umeme, haitumii betri, haiharibiki, haina makelele, na wala haipigi picha. Nchi ngapi zimeweza? (Bwana Boksi la Pasi anatazama chini.)

Awamu ya pili italeta zulia jekundu, ambalo kwa sasa ni taulo, na awamu ya tatu italeta awamu ya nne.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo Waziri lazima ayaseme akiwa amekaa. (Waziri anakaa.) Shule zimefungwa leo. Asubuhi nilipoinama kufagia chini ya kitanda, begi la bluu sikulikuta. Sikumuuliza. Niliogopa nitaambiwa "Nzuri, dada." Na jioni hii hii vijana wataniuliza filamu iko wapi, watakasirika na wana haki, watabeba viti vyao waende, na yeye atabaki tena na pipa. (Mgeni Rasmi anampiga Waziri mgongoni, pa, pa, kama mzee mwenzake.)

Tuendelee na kaulimbiu, wote kwa pamoja! Kamera? (Iko njiani!) Mpiga picha? (Yuko njiani!) Mdogo wangu? (Kimya.)

Haya, shukrani. Namshukuru mpiga picha, kwa kutokuwepo kwa uaminifu tangu siku ya kwanza bila kukosa hata mara moja. Namshukuru Bwana Boksi la Pasi, kwa kukubali kugundishwa mfuniko wa kopo la maziwa usoni na kukaa juu ya stuli akiitwa kamera. Na nawashukuru sana vijana wetu kwa kuigiza kwa moyo filamu ambayo haijawahi kuwepo, haipo, na kwa bajeti ya chumba hiki haitakuwepo, nikiwaomba wamsamehe mdogo wangu, maana yeye hakujua lolote, uongo wote ni wa Wizara na...

(Sauti ya Redio kutoka uani: "Dada! Toka na hilo boksi bwana! Tunajua ni la pasi, picha ya pasi iko hapo pembeni, hukuifunika!")

Eh. Ndugu wajumbe.

("Kaka kanipa simu yake, ila chaji inaisha! Tunapiga ya kweli leo! Hatuna wa kucheza mheshimiwa, na Mwalimu wa Zamu anasema ni wewe, tunakusikia humo ndani tangu kile kiatu!")

Ndugu wajumbe, kwa taarifa iliyonifikia hivi punde kupitia dirishani, begi la bluu limeonekana. Liko begani kwa mdogo wangu, limejaa mwiko wangu, koti la shemeji yake na mkate mzima, na nguo zake zote, hata lile sweta la safari, ziko kambani zinachuruzika maji, na mimi sijawahi kuona mtu akisafiri na nguo mbichi. (Waziri anajifuta macho kwa nepi. Ni safi.) Kwa hiyo naufuta ukurasa wote wa shukrani, naomba radhi kwa Bwana Boksi, na natamka rasmi kwamba mradi huu ambao haukuwahi kuwepo sasa una...

("Dadaaa! Chaji! Toka, usituchelewesheee!")

Mmesikia? Huyo si Redio. Huyo ni yeye! Anapiga kelele mpaka kuku wametawanyika. Waheshimiwa, kwa kumalizia, nilitaka tu kusema kwamba sauti hiyo, tangu aje kwangu, mimi dada yake nilikuwa sijaisi... (Waziri anatoka mbio, Bwana Boksi kwapani.)