Aliyebaki Kisimani kwa Amri ya Wizara

Ilitangazwa Jumatatu asubuhi, redioni na kwa vipaza sauti, kwamba taifa limefikia hatua mpya ya maendeleo. Kuanzia saa ile hakuna raia atakayefurahia hadithi yoyote kabla moyo wa aliyeitunga haujakaguliwa. Sababu zilikuwa wazi hata kwa kipofu. Watu walikuwa wakicheka vichekesho vya walevi, wakilia kwa mapenzi yaliyoandikwa na waliotelekeza wake zao, wakijifunza ushujaa kwa waoga. Nchi haiwezi kwenda hivyo. Mtu hanywi maziwa kabla hajamjua ng'ombe, alisema Mheshimiwa Waziri, na ukumbi mzima ukapiga makofi, ingawa wote walikuwa wamekunywa chai ya maziwa asubuhi ile na hakuna aliyekuwa na habari za ng'ombe.

Kazi hiyo nzito ikakabidhiwa Kamati ya Ulinganifu wa Moyo na Maandishi. Katibu wake alikuwa bwana mmoja wa makamo, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni na imani moja kichwani: kwamba jambo likishapigwa muhuri limekuwa kweli. Kwa kuwa mfagizi mzuri huanzia chumbani kwake, Katibu aliona aanzie kwa wazazi wake.

Aliwakuta dirishani. Mama yake, mshonaji aliyestaafu, alikuwa akimsomea mumewe riwaya. Mzee alikuwa fundi saa mpaka macho yalipomtoroka, na tangu hapo masikio yake ndiyo yaliyobeba mzigo wa mwili mzima. Riwaya yenyewe ilimhusu mchimba visima aliyeteremshwa shimoni na ndugu yake. Wakagombana, mmoja juu, mwingine chini. Yule wa juu akaifunga kamba kwenye mti, akakung'uta mikono, akaenda zake. Mama alikuwa amefika hapo hapo, na hapo hapo mkono wa serikali ukaingia.

Katibu alieleza kwa upole. Mwandishi wa kitabu hicho, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kuliambia gazeti kwamba mwanamke mwenye kitabu ni kama mbuzi mwenye mwavuli. Moyo wa namna hiyo haukubaliki katika nyumba ya raia mwema.

"Najua alichosema," mama akajibu. "Gazeti lenyewe nilifungia kitambaa cha mteja."

"Unajua, mama, na bado unamsoma?"

"Ndiyo maana namsoma kwa sauti."

Jibu hilo halikuwemo katika mwongozo, kwa hiyo Katibu hakulisikia. Alikichukua kitabu, uzi mwekundu wa mama ukining'inia mahali alipoishia. Mzee hakubisha. Aliuliza jambo moja tu.

"Na yule mtu?"

"Mtu gani, baba?"

"Aliye kisimani."

"Huyo atasubiri utaratibu."

Mzee akageuzia uso ukutani. Tangu siku hiyo hakusema na mwanawe neno jingine. Katibu alipokuja akatoa shikamoo yake kama mtoto aliyelelewa, hakupata marahaba. Alipata swali: "Ametoka?" Akijibu bado, basi, mazungumzo yamekwisha, akale na kuondoka. Kwa mtu aliyezoea kunyamaziwa na wananchi hilo lingekuwa jambo dogo. Lakini mtu hana baba wa akiba. Katibu akaanza kukonda, akasingizia kazi.

Na kazi ilikuwepo. Waandishi waliitwa mmoja mmoja Chumba cha Sita, wakangoja kwenye benchi la koridoni tangu alfajiri, ndani wakaulizwa kama wanaamini waliyoyaandika. Bibi mmoja aliyetunga mapenzi, na ambaye hakuwahi kuolewa, aliambiwa aolewe kwanza kisha arudi na cheti. Marehemu wa kisimani aliitwa mara tatu. Hakutokea. Ikaamuliwa kwamba ni mkaidi, na vitabu vyake vikafungiwa stoo mpaka atakapobadili msimamo.

Akaja mwalimu wa hesabu, mtungaji wa riwaya za upelelezi.

Mwenyekiti wa Kamati, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alimuuliza kama anaamini katika kuua watu. Mwalimu akaapa kwamba hata kuku hachinji. Basi mbona kaua watu kila sura? Mtu anayeandika asiyoyaamini ni mwongo. Na kama anayaamini, polisi wako ng'ambo ya barabara. Mwalimu akapangusa jasho, akatazama dari, akasema, "Lakini jamani, si ni hadithi tu?"

Hapo Katibu alifunga faili kwa furaha. Kanuni ya Sita aliitunga mwenyewe: maneno "hadithi tu" ni utetezi batili, husemwa na mwenye la kuficha, na atakayeyatamka ameshindwa papo hapo, bila rufaa, bila kubagua cheo. Hayo ya kutobagua cheo yaliongezwa na Waziri kwa mkono wake siku kamera zilipokuwepo.

Jumapili mama alimtegea Katibu kitendawili, maana kwake mtoto hakui hata akiota mvi. "Nyumbani kwake nimeingia, nimekula nimeshiba, na salamu yake siitaki."

Katibu akasema mwenye nyumba ya kupanga. Akasema mfungwa. Akasema ofisa wa kodi. Mwishowe akampa mama mji, tena mkubwa, maana alikuwa na haraka.

"Ni mwandishi, baba," mama akasema. "Na huo mji niliopewa nauona mdogo. Hata kitabu hauna."

Toka ukutani mzee akauliza kama ametoka.

Sasa, ilitokea kwamba Mheshimiwa Waziri naye alikuwa na riwaya. Iliitwa *Foleni ni Moja*, na ilikuwa ikisubiri uzinduzi. Ndani yake kulikuwa na kiongozi aliyekwenda hospitali na jino lake bovu, akakaa benchi moja na wananchi, akakataa katakata kupitishwa mbele, mpaka shavu likawa kama embe na wauguzi wakalia. Mtu mwenye akili angeitia riwaya hiyo pembeni kimya kimya. Katibu hakuwa mtu wa pembeni. Alimwandikia Waziri wito kama alivyowaandikia wote, na Waziri, aliyedhani anaitwa kupongezwa, akaja.

Alikuja na walinzi, akalipita benchi zima la waandishi waliokuwepo tangu alfajiri, akaingia bila kubisha hodi. Kamati ikasimama. Maji yakaletwa. Mwenyekiti akasema hakuna haja ya maswali, lakini utaratibu ni utaratibu, na Katibu akasoma lile la kwanza.

"Mheshimiwa, unaamini kwamba kiongozi anapaswa kupanga foleni na wananchi?"

Waziri alicheka mpaka tai ikaruka begani.

"Katibu, bwana wee. Hiyo si hadithi tu?"

Feni ilizunguka. Mlinzi mmoja akakohoa. Kalamu ya Katibu, kwa mazoea yake, ilikuwa imekwisha kuyaandika.

"Futa," Mwenyekiti akanong'ona.

"Kanuni ya Sita haifutiki, mama. Ndivyo tulivyoipitisha."

Waziri akauliza kuna nini. Alipoelezwa kwamba ameshindwa, riwaya yake itaingia stoo karibu na ya marehemu mkaidi, na kwamba hana rufaa kwa sahihi yake mwenyewe, alikaa chini taratibu. Uzinduzi ulikuwa Ijumaa. Mabalozi walikuwa wamealikwa.

Mwenyekiti alipendekeza Waziri apewe msamaha maalumu. Katibu akasikitika kwamba msamaha lazima utaje kosa, yaani itangazwe kwamba moyo wa Mheshimiwa haulingani na kitabu cha Mheshimiwa. Mwenyekiti akapendekeza kitabu kirekebishwe, yule kiongozi apitishwe mbele. Waziri mwenyewe akakataa, akisema hapo ndipo wauguzi wanapolia.

Katibu akakohoa kidogo. Hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe hakutaka kujua, kama wakati ule alikuwa akimfikiria Mheshimiwa au mtu mwingine aliyekuwa akitetemeka gizani, maji yamemfika magotini.

"Kuna njia moja," akasema. "Tumtenganishe mwandishi na kitabu. Lakini iwe kwa wote, maana kanuni haibagui."

"Itangazwe leo," akasema Waziri.

Ikatangazwa. Taifa lilikuwa limefikia hatua nyingine mpya ya maendeleo. Kitabu ni kitabu na mtu ni mtu, na kuanzia saa ile hakuna uhusiano wowote, wa damu, wa ndoa wala wa kikazi, kati ya mwandishi na alichokiandika. Mtu hamuulizi ng'ombe habari za chai, alisema Waziri, na makofi yakapigwa na wale wale.

Jioni hiyo Katibu alifungua stoo kwa mkono wake, akaenda kwao bila hata kupitia kwake. Alitoa shikamoo. Mzee akauliza kama ametoka.

"Nimemleta, baba. Atatolewa sasa hivi."

Mama akavaa miwani, akaushika uzi mwekundu, akasoma. Hakusoma kwa amani. Mke wa mchimba visima alipoitwa kichwa cha kuku, mama alisimama, akamsomea marehemu sifa zake na za ukoo wake, kisha akakaa akaendelea na mstari uliofuata kwa sauti nzuri ile ile. Mara nyingine alisema, "Hapa kaandika, mbuzi huyu, hapa kaandika," akarudia sentensi mara mbili kwa utamu wake. Mzee alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza kama saa imeanza kutembea.

Aliyemtoa kisimani alikuwa mkewe. Alifuata ukelele, akaona kamba, akajifunga kiunoni, akazunguka mti kama punda wa kinu mpaka kichwa cha mume kikachomoza. Mwandishi yule, aliyemwona mwanamke kuwa si kitu, kitabu kilipomkwamia hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma.

"Kalamu yake ilimshinda ubishi," mama akasema, akafunga kitabu.

Mzee alicheka, machozi yakimtoka kwenye yale macho yasiyoona. Kisha akageuka upande aliko mwanawe. "Marahaba," akasema. "Umekula?"

Ijumaa ukafika uzinduzi. Ukumbi ulijaa, mabalozi mbele. Katibu alisimama mlangoni kuhakikisha uamuzi unatekelezwa kwa ukamilifu wake. Kitabu kilikalishwa kwenye kiti cha heshima, chenye mahameli, na mbele yake ikafunguliwa chupa ya maji. Kikavishwa taji la maua. Mwandishi, kwa kuwa hahusiani nacho, hakuwa na kadi.

"Katibu," Waziri alisema kwa meno yaliyobana, suti mpya ikimng'aria, "mimi ndiye niliyekiandika."

"Ndiyo sababu, Mheshimiwa."

Wasio na kadi walikuwa na foleni yao, iliyoanzia dirisha la tiketi na kuzunguka jengo hadi nyuma jikoni. Waziri akatazama kushoto, akatazama kulia. Walinzi wakatazama viatu vyao. Jua lilikuwa kali na kamera zilikuwepo, hivyo akaenda mwisho kabisa, akasimama.

Mbele yake alikuwa mwalimu wa hesabu, na nakala ya *Foleni ni Moja* kwapani. Alikuwa ameimaliza asubuhi ile. Mwalimu alimwamkia kwa heshima, akamuuliza, kama watu wa foleni wanavyoulizana ili muda uende, kama amekwisha kukisoma kitabu hicho.

"Bado," alisema Waziri, kabla hajawaza.

Mwalimu akakihamishia kwapa la pili.

"Basi sikwambii kinavyoisha," akasema. "Utakosa utamu."