Prodige na Katalizeri ya Bijiko

Mu Goma yote, mwenye kujua gazi ni Prodige wa Majengo! Muulize mwenyewe. Ata usipomuuliza, atakuambia.

"Kupika na makaa, makala, ni ya batu ba zamani!" alikuwa anajisifu. "Minatia kasiksi, pombe ya ndizi, mu bidon, dumu kubwa, na kamba za batri. Huku inatoka hidrojeni safi ya kupikia, kule inatoka siki. Siri ni katalizeri!"

"Njo nini iyo?" Kaswera, mupenzi wake, akauliza.

"Kitu inasukuma bingine bitumike kazi. Yenyewe haichoke, haiishe. Kazi ikiisha, unaikuta kwa chini, bile bile!"

Katalizeri yenyewe? Bijiko bya mama yake, bya inox, chuma ya kungaa, alibitia mu bidon!

Sasa, Tante Marie-Louise, shangazi ya Kaswera, alitoka Butembo kuona kama Prodige anafaa kuoa Kaswera. Tante akikataa, ndoa imekufa. Na huyu mujinga akakataza mama yake kununua makala! Eti maharagi ya Tante itaiva na hidrojeni!

Tangu asubui, kasiksi yote ya kupokea mugeni ikaingia mu bidon. Kaswera akabeba batri ya lori mu mugongo. Mama akapanga mafiga ya majiwe ya volkano, akateka maji ya maharagi, akatoka jasho. Prodige? Alikuwa anaelezea Tante katalizeri, na kazi alitumika na kidole tu! "Weka pale! Hapana, pale!"

Mufuko ya plastiki ya kukamata gazi, kwa mudomo ya bidon, ikavimba kama shavu ya mutoto.

"Mama, washa kiberiti!"

"Miye?!"

"Eh! Miye niko mukubwa wa kazi!"

PAAA! Kifuniko ya sufuria ikaruka mupaka ku mabati! Mama chini, kitambaa ya kichwa mu jicho! Kaswera, masizi uso muzima! Maharagi? Baridi, ngumu kama changarawe. Prodige bakamukuta nyuma ya mulango. Shati nyeupe pepepe!

Tante akajimiminia kasiksi ya bidon atulize roho. Akatema!

"Ni siki iyi!"

"Njo bile nilisema, Tante! Gazi huku, siki kule! Imekubali!"

Tante akamuangalia juu mupaka chini.

"Nimeelewa katalizeri. Inatumikisha bengine, yenyewe inabaki bile bile. Mutoto yangu, siye tunatafuta bwana!"

Akatoka. Kaswera akamufuata. Kisha akarudi mbio! Prodige akafungua mikono.

Kaswera akapita pembeni yake, akachuja siki mu kibidon.

"Ya salade," akasema, akaenda nayo.

Kwa chini ya bidon bikabaki bijiko, binangaa bile bile. Na Prodige pembeni yabyo.