Cheti cha Kungoja

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, mlangoni pa Idara ya Uratibu wa Kungoja Safarini. Mkurugenzi mwenyewe alilisoma kwa sauti mbele ya watumishi kumi na mmoja, waliokuwa wamepangwa kwanza kwa vyeo, kisha kwa urefu.

"Kuanzia leo," alisoma, "hakuna raia atakayeruhusiwa kungoja katika nchi ya watu kabla hajathibitisha kwamba anajua kungoja katika nchi yake."

Watumishi walipiga makofi matatu, kama ilivyoelekezwa katika aya ya mwisho ya tangazo.

Sababu zilikuwa nzito. Idara ilikuwa imepata taarifa kuhusu wasafiri wa mbali, wale ambao ndege ya kwanza huwashusha katika mji wa ugenini na ya pili huja kuwachukua baada ya saa saba, kumi, hata ishirini. Watu hawa walikuwa wakizitumia saa hizo kiholela. Wengine walilala. Wengine walitoka kwenda kutembea mjini. Tena, katika miji yenye viwanja viwili vya ndege, walikuwapo waliothubutu kujihamisha wenyewe kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, na mabegi yao mkononi, bila kuamriwa na mtu. Mkurugenzi aliposoma hilo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akalisoma upya. Yeye hakuwahi kupanda ndege, na aliuhesabu upungufu huo kuwa sifa. Hakimu mzuri, alipenda kusema, si lazima awe amewahi kuiba.

Ndipo yakaanzishwa Mazoezi ya Kungoja. Chumba namba nne, ghorofa ya chini, kilitangazwa kuwa Kiwanja cha Kwanza. Chumba namba tisa, ghorofa ya tatu, kikawa Kiwanja cha Pili. Ngazi iliyo kati yake ilitambuliwa rasmi kuwa nchi ya kigeni, na aliyeipanda alimwonyesha pasi mlinzi wa ghorofa ya pili. Mtahiniwa alikaa kwenye benchi saa zile zile atakazokaa ugenini, bila punguzo, huku akiwekewa alama: utulivu thelathini, mkao ishirini, kutouliza maswali hamsini. Benchi lilikuwa na msumari uliochomoza. Fundi seremala aliomba ruhusa ya kuugongomea, akajibiwa kwa barua kwamba safari haikosi mitihani.

Cheti cha waliofaulu kiligongwa muhuri na karani mkongwe ambaye kila mtu alimwita Bi Muhuri, kwa kuwa muhuri wa Idara aliuvaa shingoni kwa uzi, hata akienda kula. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini. Kanuni alizijua kama mtu anavyozijua ngazi za nyumba yake gizani. Kazini hakucheka, si kwa ubaya, ila hakukuwa na waraka wa kumtaka acheke.

Jumanne aliingia fundi cherehani wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, yule yule aliyeshona mapazia ya ofisi ya Mkurugenzi. Alikuwa na tikiti ya Ijumaa na mtoto mmoja tu duniani. Binti yake aliishi nchi ya mbali, mimba yake ilikuwa imetimiza miezi minane na wiki tatu, na mumewe alikuwa kazini melini, katikati ya bahari. Daktari alikuwa amesema: wiki ijayo, au hata kabla yake.

"Sitaki ajifungue kama yatima na mimi ni mzima," Fundi alimwambia Bi Muhuri. "Nigongee huo muhuri niondoke, mwenzangu."

"Mpango wako wa kungoja uko wapi?"

Fundi alikunjua karatasi ya kaki, ile ya kuchorea mikato ya nguo. "Natua saa moja asubuhi. Ndege ya pili inaondoka saa kumi na mbili jioni, lakini kiwanja kingine, upande wa pili wa mji. Viza ya kupita ninayo. Begi nalichukua mwenyewe, maana hawalihamishi. Basi lipo kila nusu saa, na mwendo ni saa moja na robo. Mimi nimeweka saa mbili na nusu."

"Kwa nini umezidisha?"

"Nguo isiyoachiwa nafasi ya mshono humpasukia mtu hadharani."

Mkurugenzi, aliyekuwa akipita, aliichukua ile karatasi kwa vidole viwili. Aliona ramani ya mji, namba ya basi, mahali pa kununua maji, na mshale mwekundu ulioandikwa *usikubali teksi ya hapa*. Hakuona mahali pa sahihi.

"Mama," alisema kwa upole, "huu si mpango. Hizi ni habari tu."

Fundi akapelekwa chumba namba nne. Alikaa dakika nne, akatazama saa, akabeba begi lake, akapanda ngazi, akamwonyesha mlinzi pasi, akaketi chumba namba tisa na kutoa uzi na sindano. Alikuwa amebakiwa na saa kumi na dakika hamsini. Alipewa sifuri.

"Amehama bila kuitwa," Mkurugenzi alisoma kwenye fomu.

"Nilikwenda chumba namba tisa kwa sababu ndege iko chumba namba tisa!"

"Nani alikuita?"

"Hakuna aliyeniita."

"Basi ulikwenda kufanya nini?"

 

Mkurugenzi alimwonyesha maandishi yaliyotundikwa ukutani katika fremu: *Haraka haraka haina baraka.*

"Umesoma nusu, baba," alisema Fundi. "Nusu ya pili ni ngoja ngoja huumiza matumbo. Na tumbo lenyewe hapa ni la mwanangu."

Jumatano alirudia. Safari hii aliketi kama sanamu saa tisa nzima, msumari na yote. Saa ya kumi uvumilivu ulimwisha, akamwuliza msimamizi, "Hivi kweli tutaitwa?" Alama hamsini zikaanguka kwa mkupuo. Ishirini nyingine zilikatwa kwa sababu alikuwa amemshonea mlinzi vifungo vitatu vya koti, kitendo kilichoonekana kuharibu mkao.

Alhamisi alirudi tena. Aliweka tikiti juu ya meza ya Bi Muhuri, akaiweka na simu kando yake. Binti yake alikuwa ameandika: *Mama, mgongo umeanza. Unakuja kweli?*

Bi Muhuri aliusoma ujumbe. Aliusoma tena, polepole, jinsi alivyosoma nyaraka. Kisha akavuta kitabu cha kanuni, akalowesha kidole, akafungua ukurasa ambao haukuwa umefunguliwa tangu kitabu kichapwe.

"Kifungu cha kumi na nne," alisema bila kuinua macho. "Mtahiniwa aliyefeli anaweza kusafiri chini ya uangalizi wa afisa mwenye sifa, iwapo afisa huyo yumo katika ndege hiyo hiyo."

"Na mimi afisa nitamtoa wapi, dada yangu?"

Bi Muhuri alielekeza kidole mlango wa ofisi kubwa. Ilijulikana jengo zima kwamba Mkurugenzi alikuwa amealikwa kwenye Kongamano la Kimataifa la Kungoja, akasome mada yake ya kurasa tisini. Ilijulikana pia kwamba angesafiri Ijumaa, kwa ndege zile zile za Fundi. Yeye hakufanya Mazoezi; mwenye chuo hakai mtihani.

Mkurugenzi alilipokea ombi kwa furaha. Katika ukurasa wa sitini na mbili wa mada yake palikosekana mfano hai wa msafiri asiyejua kungoja, na sasa mfano huo ungekaa kiti cha jirani. Akaweka sahihi.

*

Walitua saa moja kasoro dakika tano asubuhi. Kiwanja kilikuwa kikubwa na kisafi, sakafu yake iking'aa kama sahani. Fundi alilivuta begi lake kwenye mkanda, akalivuta na la Mkurugenzi, ambalo lilikuwa zito kwa sababu ya nakala mia mbili za mada. Wakapigiwa pasi zao mihuri, wakatoka ukumbi wa mbele. Basi lilionekana kupitia kioo. Dereva alikuwa akipakia mizigo.

"Basi letu lile, baba."

Mkurugenzi alikuwa ameshaketi. Alikuwa amechagua kiti cha katikati, akapanga magoti, akaweka mkoba juu yake.

"Hatujaitwa," alisema.

"Hapa hawaiti. Hapa unapanda tu."

"Mama, uko chini ya uangalizi wangu. Kiwanja kinachojiheshimu hakiwezi kumwacha mgeni wa kiserikali ajihamishe kama gunia. Wanajua tupo. Wanajipanga."

Fundi aliketi. Alikuwa amelelewa kutomkatiza mkubwa, na sahihi ya mkubwa huyu ndiyo iliyomfikisha hapo. Basi likaondoka. Likaja jingine, nalo likaondoka. Saa tatu ilifika, ikaja ya nne, ikaja ya tano. Mkurugenzi aliandika pembeni mwa mada yake: *Wenzetu wana utulivu wa kupigiwa mfano. Tangu tufike hakuna aliyetusumbua.*

Simu ya Fundi ilitetema. *Mama, wamenilaza. Wanasema ni usiku wa leo au kesho.*

Fundi aliitazama karatasi yake ya kaki. Nafasi ya mshono aliyoiacha ilikuwa pana, lakini hakuna nguo inayovumilia kuvutwa siku nzima. Akawaza kidogo, kisha akanyoosha mgongo na kusema kwa adabu zote:

"Mkurugenzi, naomba ruhusa ya kwenda msalani."

Mkurugenzi alifurahi. Hatimaye mtu huyu alikuwa anajifunza kuomba. Akatoa Fomu ya Kuondoka Benchini kwa Muda, akajaza saa ya kuondoka, akajaza sababu. Penye *mahali*, aliandika *msalani*. Fomu haikuuliza msala upi; waliotunga kanuni hawakuwahi kufikiri kwamba ipo zaidi ya mmoja.

"Begi liache hapa," alisema.

"Naogopa wezi, baba."

"Tahadhari njema," alisema, akamkabidhi fomu.

Basi la saa tano na nusu liliondoka na Fundi akiwa kiti cha nyuma ya dereva. Alipofika Kiwanja cha Pili alikwenda kwanza msalani, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo kwenye fomu. Kisha akakabidhi begi, akapata kiti karibu na mlango wa kuondokea, akatoa uzi na sindano.

Mkurugenzi alingoja. Saa nane alidhani kuna foleni huko msalani. Saa kumi alipata wasiwasi, akautuliza kwa kusoma kurasa zake mwenyewe kuanzia ya kumi hadi ya arobaini. Saa kumi na mbili jioni ndege ilipita angani, mkia wake ukimetameta kwa jua la mwisho, naye akaitazama kwa heshima. Akakumbuka kwamba kuwahi kupita kiasi ni aina ya utovu wa nidhamu.

*

Kesho yake, saa mbili asubuhi kwa saa za nyumbani, simu ya Idara ililia. Bi Muhuri aliipokea baada ya mlio wa tano, kama ilivyoagizwa.

"Bi Muhuri! Mimi Mkurugenzi. Ndege imeniacha. Kongamano linafunguliwa leo mchana. Nibadilishieni tikiti upesi!"

"Habari za asubuhi, Mkurugenzi. Kubadili tikiti ya afisa kunahitaji Kibali cha Kuongeza Kungoja."

"Kitoe basi!"

"Kinatiwa sahihi na Mkurugenzi. Kwa kalamu yake, ndani ya ofisi yake, mbele ya muhuri. Waraka wako wa mwezi Machi."



"Mkurugenzi ni mimi."

"Ndiyo, bosi. Na hapa daftari linaonyesha Mkurugenzi yuko safarini. Tunamngoja."

"Yule mama je? Yuko wapi yule mama? Alikuwa chini ya uangalizi wangu!"

Bi Muhuri alivuta karatasi iliyokuwa imefika alfajiri kwa picha ya simu. Ilikuwa Fomu ya Kuondoka Benchini kwa Muda, sehemu ya kurudi imejazwa kikamilifu kwa chaki ya fundi cherehani. Akaisoma neno kwa neno, kwa sauti ya ofisi.

"*Je, mhusika amerudi benchini? La. Sababu ya kutorudi: nimekuwa bibi. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Nilifika akanisubiri nivue viatu, ndipo akaja. Maoni ya ziada: mama yake kaniuliza kama nilingoja sana huko njiani. Nikamwambia la, nimemwacha mtu anayeningojea.*"

Mlinzi wa ghorofa ya pili, aliyekuwa amesimama mlangoni na vifungo vyake vitatu vipya, alipiga kigelegele, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamume mwenye cheo chake. Fundi seremala, aliyekuwa akipita na nyundo, aliingia chumba namba nne bila barua yoyote, na mapigo mawili yakasikika.

"Mnafanya nini huko?" sauti ya Mkurugenzi iliuliza kutoka mbali. "Nani anagonga?"

"Tunasahihisha mtihani, Mkurugenzi," alisema Bi Muhuri. Na kweli alikuwa ameshafungua fomu mpya, akaandika cheo cha Mkurugenzi juu. "Umekaa saa ngapi?"

"Ishirini na... ishirini na tano!"

"Uliinuka?"

"Siku nzima ya kwanza sikuinuka!"

"Uliuliza mtu yeyote swali lolote?"

Mkurugenzi alifikiri. Hata akiwa katika dhiki ile, ukweli ulimjaza fahari kidogo. "Hata moja," alisema.

"Hongera sana. Utulivu thelathini, mkao ishirini, kutouliza hamsini. Mia kwa mia. Ndiwe wa kwanza tangu tuanze." Bi Muhuri alivua uzi shingoni, akaupulizia muhuri pumzi, akaugonga kwa nguvu hadi kikombe cha chai kikaruka mezani. "Cheti chako kiko tayari. Kinachukuliwa na mhusika mwenyewe, hapa hapa dirishani."

"Nitakujaje kukichukua, na nimekwama huku?"

Waraka wa kucheka ulikuwa haujatoka. Bi Muhuri alicheka hivyo hivyo.

"Keti, Mkurugenzi," alisema. "Utaitwa."