Godoro la Maji

Jamani, leo nimeaibika mbele ya avenyu nzima, mtaa wetu wote. Na ningeambiwa nichague mtu mmoja wa kutoona, ningemchagua mama mkwe, naye kaona yote.

Mnajua nyumba yangu iko kule chini, karibu na mto Nyamukau. Ile ya kwanza ilichomwa vitani kule Djugu, tukatoka na nguo za mwilini tu. Hii ya pili tumeijenga mimi na mke wangu hapa Bunia, tofali kwa tofali, na tangu mvua zianze sina usingizi. Mto ukinguruma, nakaa kitandani. Bunduki zikisikika mbali, nakaa kitandani. (Mke wangu anasema nimekuwa mlinzi asiyelipwa.)

Juzi kaja ajenti wa bima. Akaeleza kwamba bima ya nyumba ni ya moto na wezi, na ya mafuriko unaongeza ukitaka.

"Na vita?" nikamuuliza.

"Papa, vita haiko ndani. Asiransi yetu, hii bima, ni ya moto, wezi na maji tu."

Hapo nikaanza kuumwa kichwa. Nikiongeza ya mafuriko, akiba yetu ya kukimbilia vita ikifika inaisha. Nisipoongeza, mto unaweza kubeba nyumba nami natazama. Sasa niogope maji au niogope risasi? Siku mbili nimeogopa vyote, kwa zamu.

Leo nikaamua kujipima. Kama naweza kutoa vitu nje haraka kabla maji hayajaingia, bima ya nini? Mke wangu alikuwa sokoni. Mama mkwe, aliyetoka Kpandroma kutusalimia, alikuwa chumbani anachambua maharage. Nikamwambia, "Mama, niko najaribu kitu kidogo. Bakia tu." Nikaweka godoro kichwani, nikatoka mbio mpaka juu barabarani. (Lazima mbio, maji hayasubiri mtu.) Nikalitupa pale, nikarudi kuchukua sufuria.

Hilo ndilo kosa. Katika mji huu, mtu akitoka mbio na godoro kichwani, hakuna anayemuuliza sababu. Na wote wanajua shemeji yangu ni mwanajeshi, kwa hiyo wanadhani habari mbaya huanzia kwangu. (Shemeji mwenyewe hapokei hata simu zangu.)

Nilipotoka na sufuria nikamwona jirani yetu Mama Furaha anapita kasi, mtoto mgongoni, mbuzi kwenye kamba. Nyuma yake fundi wa baiskeli. Nyuma yake watu wengi.

"Iko nini?" nikauliza.

"Banakuja!" fundi akajibu bila kugeuka.

Nikakimbia. Ndiyo, mimi. Sikufunga mlango, sikuuliza ni nani wanaokuja. Niliogopa kweli, hofu ileile ya Djugu, miguu inakwenda yenyewe. Niliwapita wengi, na mbuzi nilimpita.

Tulijaa uwanja wa parokia. Nilipopata pumzi nikatazama mkononi, nikaona nimeokoa kifuniko. Sufuria ilibaki njiani.

Mkuu wa avenyu akafika na askari wawili. "Nani alionaka adui?"

Fundi akasema, "Miye nilifuata Mama Furaha."

Mama Furaha akasema, "Miye niliona Papa Deo anatosha godoro inje ya nyumba na mbio. Nikasema, shemeji yake alimupigia simu."

Papa Deo ni mimi. Uwanja wote ukageuka kunitazama.

"Papa Deo, nani alikupigia?"

"Hakuna mutu."

"Sasa godoro ilikuwa inaenda wapi?"

"Ilikuwa... inakimbia maji."

Mkuu akatazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja. Ikabidi nieleze habari ya bima mwanzo mpaka mwisho, kifuniko mkononi. Askari mmoja akageukia ukuta, mabega yanatikisika.

Nilidhani yameisha. Ndipo watu wakapisha njia, na mama mkwe akaingia polepole na fimbo yake. Kwetu mama mkwe ni mtu ambaye hata kumtazama usoni unaogopa. Nami nilikuwa nimemwacha kwenye kigoda, wakati nadhani watu wanakuja kutuua.

"Mukwe wangu," akasema, taratibu kabisa, "uliniambia nibakie. Nilibakia. Nikangoja. Nikafunga mulango yako, nikakuja."

Sauti moja nyuma ikasema, "Eh! Huyu aliachaka bokilo, mama mukwe yake, ndani ya nyumba!" Basi uwanja mzima ukalia kwa kicheko, hata wale waliokuwa bado wanatetemeka. Mimi nilitamani adui afike kweli.

Nimetoka pale moja kwa moja kwa ajenti, nimesaini ya mafuriko. Mwanaume anayeokoa kifuniko na kumwacha mama mkwe hawezi kusema anategemea miguu yake.

Nyumba sasa ina bima. Mimi sina, na nasikia mama na binti yake wanaongea jikoni kwa sauti ya chini sana. Tafadhali, msicheke.