Jinsi Stambuli wa Kihonda Alivyoijaribu Mashine ya Baharini

Tegeni masikio, enyi watu wa Kihonda, nanyi mshukao na ndizi kutoka Kinole; wekeni chini majembe, epueni vyungu, kwa maana yasimuliwa matendo ya Stambuli, simba wa mabwawa, mtesi wa perege, shujaa ambaye bahari aliiona mara moja tu, tena kupitia dirisha la basi.

Huyu alijitapa harusini kwamba hakuna chombo cha uvuvi asichokijua. Shemeji yake Oscar, mvuvi wa Tanga, akamwamini, maskini, akamtumia mashine mpya ya kukunjia mshipi, ndogo kama ngumi, iliyoundwa kwa maji ya chumvi. Stambuli akisema inafaa, Oscar atawanunulia wenzake wote.

Bahari ikakataa kupanda Morogoro. Basi shujaa akaiumba mwenyewe: akamimina chumvi yote ya nyumba katika beseni la kufulia, akaizamisha mashine, akaketi kando yake kama jemadari aliyezingira ngome. Mkewe Yuliana akatoka jikoni na mwiko.

"Baba Pendo, maharage nayaunga na nini?"

"Ee binti wa Uluguru! Mataifa ya pwani yangoja hukumu yangu, nawe wanililia maharage?"

"Nalilia chumvi."

Muda si muda mashine ikatolewa, haina kutu, ikatangazwa mshindi wa bahari zote. Shujaa akaifunga kwenye ufito, akasimama uani, akarusha. Lo! Kigurudumu kikamzidi mbio, mshipi ukajisokota kama kiota cha ndege, na chubwi, kizito cha kuzamishia mshipi, likaanguka karibu na kidole chake cha mguu. Yuliana alicheka mpaka akashika ukuta. Stambuli akaanza kufumua mafundo, masikio yakimwaka, akiwaza atamwambia nini Oscar.

Ndipo kilio kikapanda kisimani. Kamba ilikuwa imemkatikia Bibi Magdalena, jirani yao, na ndoo imezama.

"Shikamoo, bibi. Futa machozi, nimekuja!"

"Marahaba, mwanangu. Ni ndoo ya jumuiya, nimeazima tu. Nitawatazamaje kanisani?"

Shujaa akafumua fundo la mwisho, akakaza breki ya mashine, akateremsha ndoana gizani, akapapasa, akakosa, akapapasa tena, hata ikanasa mkono wa ndoo. Akazungusha. Ndoo ilipoacha maji ikawa nzito kama nyangumi. Ufito ukapinda, mashine ikalia, naye akaanza kuvutwa kuelekea kuzimu.

"Mama Pendo, nishike!"

Yuliana akatupa mwiko, akamkumbatia kiunoni, wakavuta pamoja. Ndoo ikachomoza, imejaa pomoni. Bibi Magdalena akapiga vigelegele.

Stambuli akampigia Oscar simu.

"Shemeji, mashine imeinua!"

"Samaki gani?"

Alitamani kusema papa. Yuliana alikuwa akimtazama.

"Ndoo."

"Ilikuwa na maji?"

"Pomoni."

"Basi nanunua."

Hivyo ndivyo bahari ilivyotiishwa Kihonda, mbali na pwani, na waandikao historia ya mataifa wasithubutu kuiruka siku hiyo. Stambuli akainua ufito juu kuupokea utukufu wake. Bibi Magdalena alikwisha kujitwika ndoo, yuko njiani kwenda kupika.