Utepe wa Kaka kwenye Skrini ya Jogoo

Jumatatu, 4 Agosti

Kaka,

Leo mkeo ameingia karakanani amejifunga kibwebwe. Nikajua kuna mtu atafanya kazi. Mtu huyo ni mimi.

Wifi anataka skrini zote za kuchapia ziwe zimebanduliwa ule utepe wa kuzuia wino pembeni kufikia Jumamosi, zimefutwa na kusimamishwa rafuni moja moja, si kulaliana kama wagonjwa. Amenieleza kwamba utepe ukiachwa kwenye fremu, joto huyeyusha gundi, gundi huingia kwenye wavu, na wino haupiti tena sawasawa. Ananieleza mimi. Nani alikuwa anakushikia fremu miaka kumi na minane?

Nimebandua kumi na tisa bila kinyongo. Ya ishirini ni ya jogoo.

Ndiyo uliyochapia aproni za muuza kuku, Alhamisi ile. Ukasema mgongo unauma, utepe utaubandua asubuhi. Asubuhi haikukukuta. Miezi mitatu sasa, na utepe wako bado uko pande zote nne, umenyooka kama mstari wa daftari. Kila ncha umeikunja kidogo, ule mkunjo wako uliouita sikio. Kwenye sikio la juu kushoto kuna alama ya dole gumba lako, kwa wino mwekundu.

Siubandui. Hilo halina mjadala.

Mpango: nimeiandikia MBOVU, USIGUSE, nikaisukuma nyuma ya zile nyingine. Mtu ni akili yake.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango haukumaliza hata chai ya asubuhi. Wifi ameiona ile karatasi ikichungulia nyuma ya zile nyingine, skrini yenyewe hakuitambua, akafurahi. Kama skrini ni mbovu, akasema, wavu ukatwe leo hii, seremala awambe mwingine. Kisu alishakishika.

Nikamwambia nimekosea kuandika, kibovu ni rafu. Akaipiga rafu kofi. Rafu ikatulia tuli, haikunisaidia hata kidogo. Akanitazama vile alivyonitazama siku ile ulipomleta nyumbani mara ya kwanza, nami nikamuuliza kama anajua kupika.

Mpango wa pili: kuihamisha. Saa ya chakula nimeifunga shuka, nikaibeba kichwani hadi chumbani kwangu. Njiani fundi cherehani akaniuliza kama nimenunua dirisha. Nikasema ndiyo. Akauliza nyumba yenyewe inakuja lini.

Nimeilaza uvunguni. Nimelala juu yako, Kaka, kama kwenye kitanda chetu cha ghorofa tulipokuwa wadogo, ila sasa hunipigi mateke kutoka chini.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejipalia makaa.

Muuza kuku amekuja. Anataka aproni thelathini kufikia Jumamosi. Alianza kukusifu, akageuka kutazama ukuta. Kisha akasema jogoo awe yuleyule, asibadilishwe hata unyoya, wateja wameshamzoea.

Wifi akaanza kuitafuta skrini. Nami nikamsaidia. Nimetafuta kwa bidii kubwa kila mahali nilipojua haipo. Mwishowe nikasema labda Kaka aliiazimisha kwa mtu. Nisamehe kwa kukusingizia. Wifi akasema mume wake hakuwahi kuazimisha hata kijiko.

Basi akaamua tutengeneze nyingine, akanipa kalamu nichore jogoo, maana mimi ndiye niliyemwona kila siku. Nikachora kwa moyo wote. Wifi akaigeuza karatasi juu chini, akairudisha, akaniuliza taratibu: “Wifi yangu, huyu anawika au anachemka?”

Kweli alifanana na birika. Tukacheka hadi nikashika meza. Hatujacheka pamoja tangu uondoke. Kwa kweli sikumbuki kama tulicheka pamoja ulipokuwepo.

Halafu akaiweka karatasi mezani. Akasema muuza kuku ndiye mteja wenu wa kwanza, kabla hamjaoana, wakati mnachapia kwenye meza ya kulia chakula ya mama yake Wifi. Akasema vingine vyote anaweza kuvipoteza, huyo hataki apotelee mikononi mwake.

Sikujua hilo. Nilidhani yote yako nayajua mimi. 

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeirudisha alfajiri. Nikamwambia Wifi nimeikuta nyuma ya mlango. Akautazama mlango. Akasema mlango huo ameufungua na kuufunga kila siku kwa miezi mitatu.  Njia ya mwongo ni fupi, na mimi huwa naikimbia.

Uvunguni kulikuwa na joto. Gundi imeanza kulainika, na nyuzi za shuka zimenata kwenye sikio moja. Nimezitoa kwa kibanio cha nyusi, moja baada ya nyingine.

Mpango wa tatu, na huu ulikuwa na akili: Wifi alipokwenda kuchanganya wino, nikabandika utepe mpya juu ya utepe wako uliolegea. Jogoo achapwe, wewe ubaki chini yake. Kila mtu apate chake.

Akaja, akamwaga wino, akavuta mpira wa kuusukumia. Mpira ukafika kwenye ule unene wa tepe mbili ukaruka kama gari kwenye tuta. Wino ukajikusanya pembeni, ukapenya palipolegea. Akainyanyua fremu. Kwenye aproni jogoo alikuwa katikati, na kila upande wake mistari mitatu myekundu imesimama kama nondo za dirisha.

“Kafungwa miaka mingapi?” akauliza.

Nikasema wino ulikuwa mwepesi.  Akashika utepe wangu akaubandua, akaona wa chini yake. Akaona masikio. Akaona dole gumba.

Nilikuwa tayari kwa maneno. Nilishayapanga hata majibu. Lakini aliinama tu, akaweka kidole chake karibu na alama yako, bila kuigusa. “Kumbe sababu ndiyo hii,” akasema. Akaenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

Ijumaa, 8 Agosti

Wifi alisema hatanilazimisha. Kama nataka skrini ibaki hivyo ilivyo, yeye atakwenda mwenyewe kwa muuza kuku kumwambia jogoo hayupo.

Nikasema sijui ninachotaka.

Akavuta kiti akakaa mbele yangu. Akaniuliza kama najua kwa nini ulikuwa unakunja zile ncha. Nikasema ni unadhifu. Akasema unadhifu gani, mtu aliyekuwa anavua soksi na kuziacha alipovulia. Ulikunja ili atakayekuja nyuma yako asihangaike kuchokonoa kwa kucha. “Aliukunja ili tuubandue, wifi. Angetaka ukae, angeukandamiza.”

Nikasogeza kiti changu karibu na fremu. 

Tukashika kila mtu upande wake. Utepe umetoka mzima, Kaka, umenyooka, bila ugomvi. Likabaki sikio la juu kushoto. Nikamwambia bandua wewe, ndiye mke. Akasema bandua wewe, ndiye dada. Tukapishana hivyo kama wageni mlangoni, mwisho tukalivuta pamoja, vidole vyake viwili na vyangu viwili. Gundi kidogo ilibaki kwenye wavu. Tukaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, polepole, kama mnavyomfuta mtoto uso.

Kile kipande chenye dole gumba nilimpa yeye. Akanirudishia. Akasema yeye ana watoto watatu wenye pua yako, hiki nichukue mimi.

Nimekiweka kwenye ukurasa huu. Gundi yake imekwisha, nimelazimika kuongeza nyingine.

Jumamosi, 9 Agosti

Aproni thelathini, jogoo thelathini, wote huru. Muuza kuku alivaa moja palepale juu ya shati lake zuri, akaondoka nayo.

Safari hii utepe aliubandika Wifi mwenyewe. Kaka, usiulize. Umepinda kama njia ya mlevi. Hakati kwa mkasi, anakata kwa meno. Masikio hakuna. Pembe moja ameibandika mara tatu, kwa hasira.

Jioni ameondoka, akaniachia maagizo: bandua, futa, simamisha rafuni. Nikasema ndiyo, wifi. Nilikusudia kweli. Nikapandisha mikono ya nguo, nikawasha taa ya juu ya meza, nikatafuta pa kuanzia.

Hapo nikaona unywele. Mmoja, mrefu, umenasa chini ya utepe upande wa chini, umenyooka kabisa kwenye kazi yake iliyopinda. Mweupe. Nikakaa chini. Wifi ana mvi tangu lini? Yule msichana uliyemleta nyumbani na viatu mkononi kwa sababu ya tope, mvi ameanza lini, na mimi nilikuwa natazama wapi?

Najua kuhusu joto. Najua kuhusu gundi na wavu. Najua Jumatatu atauliza.

Nimeifunga skrini kwa shuka safi, nimeiweka nyuma ya kabati la fulana, mahali penye ubaridi. Akiuliza nitasema seremala ameichukua kukaza fremu. Seremala nitamwona kesho mapema, tupatane maneno.

Huko uliko tukumbuke, Kaka. Mimi, na yeye pia.